Sabuni ya Maganda ya Ndizi

S.L.P. 41,
Tunduma, Mbozi.
15 Agosti, 1983.

Mpendwa Kaka Zahoro,

Shikamoo. U hali gani, na wifi na watoto hapo Kigoma wanaendeleaje? Mguu wako umepona? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku inatupasua midomo.

Barua yako imefika. Unataka nifunge virago nirudi nyumbani kabla sijafungwa kwa ulanguzi. Kaka, sirudi, na sababu ninayo.

Madukani sabuni hakuna tangu Mei. Jirani yangu Tusekile, Mndali wa Ileje, alinionyesha bibi zake walivyofulia majivu ya maganda ya ndizi. Nikaokota maganda sokoni, nikayachoma, majivu nikayachuja kwa maji. Machinjioni niliomba shahamu wanayowatupia mbwa. Nilichemsha nikaharibu mara nne, mikono ikababuka. Mara ya tano nikatia chumvi, ikaganda, nikakata miche sita.

Ndipo mgambo wakaja. Hawakuamini sabuni ngumu vile imetoka jalalani, wakasema nimeivusha kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Wakabeba miche yote na pipa la kupikia, na jina langu likaandikwa lipelekwe wilayani Vwawa. Nililia, sikufichi. Kisha nikapandwa na hasira, nikamfuata mkubwa wao, Hezron: "Nirudishie pipa, nipike mbele yako."

Alhamisi nikapika uwanjani, watu wamejaa. Ikabaki uji. "Bi Stumai, hiyo tule na ugali?" mmoja akauliza, wakaangua kicheko. Kumbe kwa woga nimesahau chumvi! Nikaitia, nikakoroga, sabuni ikajitenga ikaelea juu. Jumamosi ilikuwa ngumu kama ya kiwandani, ila nyeusi.

Hezron akafuta jina langu mbele ya watu. Nikadai miche yangu sita. Akatazama chini. Nami nikayatazama magwanda yao: mji mzima tumechafuka kwa vumbi, wao wanang'aa toka kola mpaka pindo! Sasa wake zao ndio wanaoniletea maganda kila asubuhi.

Mwambie mama yetu binti yake hajafungwa. Msalimie na mdogo wetu Othmani. Mungu awape afya na riziki ya halali.

Na ile nauli ya kurudi uliyoniwekea, Kaka, ninunulie chumvi ya Uvinza.

Mdogo wako akupendaye daima,
Stumai