Mfupa Ndani ya Jiwe Jeusi

3 Februari

Mwanangu,

Salamu zangu zikufikie huko uliko. Mimi mzima, isipokuwa goti la kulia, ambalo siku hizi huamka kabla yangu na kuanza kulalamika. Natumaini na wewe u mzima, maana sina njia ya kujua. Barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari sita, na miwili kati ya hiyo ilikuwa ya baridi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unaniambia "Shangazi, tutaongea," halafu unakata. Barua haikatiki.

Niende moja kwa moja. Ulipoondoka, chimbo lilikuwa na vijana kumi na wanne. Sasa wamebaki wanne, na mmoja wao ni fundi wa msumeno, ambaye anasikia kwa sikio moja tu na hilo moja hulitumia akipenda. Watu wanajengea matofali ya saruji. Mawe ya kukata wanayaona mambo ya kizamani. Kampuni ya kokoto inataka eneo lote, ivunje jiwe jeupe na jeusi, imwage barabarani. Wanataka sahihi yangu mwisho wa Julai.

Kwa hiyo nakuuliza, na ni mara ya mwisho: unarudi kulishika chimbo, au nisaini? Chimbo hili nimelifungua kwa nyundo moja, sikuachiwa na mume wala baba. Baada ya kaka yangu kufariki nilikulea humuhumu, ukajifunza kuhesabu kwa mawe yaliyopangwa uani. Sikudai malipo. Nadai jibu.

Kwenye kifurushi nimekuwekea jiwe. Fundi wa msumeno alilipasua, ndani likatoka na kombe, utadhani kuna mtu alilipachika kwa mkono. Nikakumbuka kwamba hayo ndiyo uliyoendea kusoma.

Shangazi yako


19 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote hapo. Mimi sijambo, namshukuru Mungu.

Kifurushi kimefika jana! Nimekifungulia mlangoni, na koti bado sijalivua. Shangazi, hicho ni kisukuku. Hapo uani, unapoanika nguo zako, palikuwa chini ya bahari. Konokono wa baharini alikufa, akalala kwenye matope laini, matope mengine yakashuka juu yake polepole, tabaka juu ya tabaka, kwa mamilioni ya miaka, yakagandamana mpaka yakawa jiwe lako la kuuza. Nyama ilioza, ganda likabaki.

Sasa nakuomba uniambie: limetoka kina gani? Juu yake kuna jiwe la namna gani, na chini yake je? Kisukuku kisipojulikana kilipolala ni kama mtu uliyemkuta njiani hajui kwao. Na mengine yakitokea, usiyasugue. Hili linang'aa sana. Shangazi, umelipaka mafuta?

[Nimechora pembeni uone.] Ganda la dunia limekatika vipande, tunaviita mabamba, na havijatulia hata sasa. Bamba unalokalia wewe na hili ninalokalia mimi yanaachana kila mwaka kwa milimita sita hivi. Hata tukikaa kimya kila mtu kwake, ardhi yenyewe inatutenganisha. Nikiwaza hivyo najisikia vibaya kidogo.

Nimejaza kurasa tano, nisamehe. Kuhusu chimbo, tutaongea.

Mwanao


10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimeifanyia hesabu barua yako. Kombe limepata kurasa nne na nusu. Chimbo limepata mstari mmoja. Goti langu halikupata kitu.

Ndiyo, nililipaka mafuta. Ulitaka nimpelekee msomi kitu kimepauka?

Nimeshuka na kamba ya kupimia, na goti hilohilo. Juu ni udongo mwekundu, nusu mita. Chini yake jiwe jeupe, mita tatu, ndilo tunalokata. Halafu mstari wa makombe, unene wa kiganja. Halafu jiwe la kijivu lililokaa kurasa kurasa, ukiligonga pembeni linafunguka kama kitabu. Jana limefunguka likatoa samaki, mzima na miba yake yote. Nakutumia, sikumpaka chochote, amekauka kama alivyo. Chini kabisa ni jiwe jeusi. Hilo limeshanivunjia misumeno mitatu, hatuligusi.

Sasa hayo mabamba yako. Milimita sita kwa mwaka. Umeondoka miaka tisa. Sita mara tisa ni hamsini na nne. Nimeipima mezani: haifiki upana wa kiganja changu. Kwa hiyo usinisingizie ardhi. Ardhi imekupeleka hapo tu. Huko kwingine kote umepanda ndege mwenyewe.

Na nimegundua jambo lingine. Barua niliyokuulizia afya yako ulinijibu baada ya miezi saba. Jiwe umelijibu kesho yake.

Yule bwana wa kampuni ya kokoto alipita tena, na viatu vyake vya kung'aa. Nikamwambia namsubiri mtu. Akaniuliza, "Nani huyo, mama?" Nikamwambia hayamhusu. Basi nisaidie na mimi nijue: namsubiri nani?

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole sana na goti. Mimi sijambo.

Nilipofika kwenye kile kiganja nilicheka kwa sauti ofisini. Wenzangu wakainua vichwa. Nikajaribu kuwatafsiria, utani ukafia mdomoni. Mmoja akasema, "Lakini hesabu yake ni sahihi," akarudi kwenye kazi yake.

Kila mara umeniuliza nakaaje huku, nami nimekuwa nikikujibu habari za baridi. Ninafanya kazi chini ya jengo la chuo, kwenye stoo ya mawe. Makabati yanafika darini. Kila jiwe lina kadi yake: limetoka wapi, nani alilichimba, lilikuwa tabaka gani. Mwandishi wa kadi ni mimi. Jirani yangu wa meza hunipungia mkono akija na hunipungia akiondoka. Hapo katikati, kimya. Jioni napanda ngazi mpaka chumbani kwangu, nawasha redio ili kuwe na mtu anayeongea.

Samaki wako nimempeleka kwa profesa. Amemtazama kwa muda mrefu, akasema ni mzuri, lakini wa aina hiyo wapo wengi, hawezi kuombea fedha za safari. Ungekuwa mfupa, alisema, mfupa wa mnyama mkubwa, angetuma watu mwezi wa saba, na mimi ningewaongoza. Nauli mwenyewe siiwezi, nimeshaipigia hesabu kila upande. Mfupa ndio ungenileta nyumbani, Shangazi. Nimetoka ofisini kwake nikiwa na hamu ya kufika ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nije huku.

Mwanao


25 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima sana.

Mfupa umepatikana.

Uko chini kabisa, ndani ya jiwe jeusi. Unene wake ni kama paja la mtu mzima, na urefu unaoonekana ni mita moja na robo. Pembeni yake kuna meno, nimehesabu kumi na moja, kila moja refu kuliko kidole changu cha kati. Vijana sijawaonyesha, maana midomo yao unaijua. Nimeufunika kwa turubai na kuuwekea mawe juu.

Sijausugua. Sijaupaka mafuta. Kipande siwezi kukutumia kwa sababu jiwe ni gumu mno, nitauharibu. Inabidi mje wenyewe.

Bwana wa kokoto nimemwambia asinisumbue. Mwambie profesa wako kuna chumba chako, na kile cha mbele kinaweza kulaza watu watatu. Mwezi wa saba ni mzuri, chimbo linakuwa kavu.

Shangazi yako


20 Juni

Mwanangu,

Wiki nane. Labda barua imepotea, kwa hiyo narudia: mfupa, jiwe jeusi, mita moja na robo.

Mimi ni mzima. Nimekipaka rangi chumba chako. Nilinunua nyeupe, ikatoka na ukijivu, sijui yule muuza rangi alinichanganyia nini. Nimeondoa magunia yote yaliyokuwa humo. Mlango ulikuwa unakwaruza sakafu, nimeupunguza kwa chini. Kitanda ni kilekile, ila godoro jipya.

Bwana wa kokoto amekuja mara mbili. Mara ya pili hakushuka garini. Alisema, "Mama, tarehe haisogei." Nikamjibu kwamba hata mimi sisogei. Akacheka, akaondoka. Vijana wawili wamekwenda kutafuta kazi kwingine, sikuwashika. Fundi wa msumeno bado yupo, labda hajasikia kwamba kazi imeisha.

Kama profesa amekataa, sema. Kama unaumwa, sema. Juzi nilipiga simu ikaita mpaka ikakatika yenyewe.

Mfupa bado upo.

Shangazi yako


4 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Umelipeleka kwa daktari, au bado unalikanda kwa maji ya moto na kulitukana? Niambie kweli.

Barua yako ya Aprili ilifika vizuri. Nilikimbia nayo mpaka kwa profesa kabla sijaimaliza kuisoma, nikaketi mbele ya meza yake, nikawa namsomea na kumtafsiria mstari kwa mstari. Nikafika kwenye "ndani ya jiwe jeusi," nikanyamaza. Akaniuliza, "Halafu anasemaje?" Nikamwambia, "Halafu anasema anatusalimu sana." Nikaikunja.

Shangazi, jiwe jeusi ni jiwe la moto. Lilitoka chini likiwa limeyeyuka, likatiririka kama uji, likapoa likawa hivyo. Mnyama akiingia humo hapati muda wa kuwa mfupa. Vitu hubaki kwenye matope tu.

Sikuudhika. Kwanza niliona aibu, kwa ajili yako na kwa ajili yangu. Halafu nikazisoma upya barua zako zote, kuanzia ile ya kombe, nikaona nilichokufundisha: kwamba ukiniandikia kuhusu wewe nanyamaza, ukiniandikia kuhusu mawe nakuja mbio. Ndiyo maana wiki zikapita. Ningekuandikia kwamba si kweli, ungejua kwamba nimeelewa kwa nini ulisema, na mimi ningelazimika kukujibu lile swali la Februari.

Nalijibu. Sirudi kulishika chimbo. Nimelijua hilo tangu mwaka wangu wa kwanza huku. Nilikuwa nasema tutaongea kwa sababu, ulipokuwa ukinisubiri, palikuwa na mahali duniani ninaposubiriwa. Hapa nikichelewa hakuna anayetazama saa. Nilikufanya ukae chimboni miaka yote hiyo ili mimi nisijisikie hivyo. Saini au usisaini, lakini usifanye kwa ajili yangu.

Mwezi wa saba siji. Hakuna safari. Nimeanza kuweka akiba ya nauli, na kwa mwendo wangu itanichukua mwaka na nusu. Usikipakie chumba tena magunia. Au kipakie, ni chako.

Mwanao


30 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Goti nimelipeleka. Daktari ni kijana mdogo, ameliminya akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia, akasema niache. Nikamwambia amechelewa, nimeshaacha.

Nimesaini jana. Nimekataa kusaini karatasi yao ya kwanza, maana ilikuwa na kosa la vipimo, mita saba upande wa mashariki, na mita saba hizo ni nyumba yangu. Bwana wa kokoto alitaka kubisha, nikamwekea kamba ya kupimia mkononi nikamwambia apime mwenyewe na viatu vyake. Nyumba, ua na stoo vimebaki kwangu. Fundi wa msumeno wamemchukua, atawaendeshea mashine. Amefurahi, anasema mashine yao ina kelele inayofika mpaka sikio lake bovu.

Kuhusu mfupa, sitakuomba radhi, na wewe usiniombe. Ila nataka ujue sikulichagua jiwe jeusi bila kufikiri. Nililichagua kwa sababu ndilo gumu kuliko yote. Nilijiambia kwamba kama kuna kitu kinaweza kudumu miaka yote hiyo, lazima kitakuwa humo. Sikujua kwamba kinachotunza ni matope. Miaka thelathini na moja nimeyakata mawe hayo na hakuna aliyeniambia.

Na wewe umenijibu. Jibu limeniuma. Siku mbili sikuitoa ile barua mfukoni, siku ya tatu nikaona ni afadhali kuumwa na kitu ninachokijua. Ungenijibu hivyo miaka minane iliyopita, ningeuza wakati watu bado wanajengea mawe, kwa bei nzuri. Hilo sikusamehei haraka, sitakudanganya.

Sasa mawe yameisha. Nimekaa hapa na karatasi najiuliza wewe na mimi tutaandikiana nini. Naona tuanze tu, nami kwa kuwa ni mkubwa nitaanza.

Leo asubuhi niliamka saa kumi na moja kama kawaida, nikatoka uani, nikachukua nyundo, nikaligonga lile ringi la gari nililolining'iniza, la kuwaitia vijana kazini. Nimeligonga mara tatu ndipo nikakumbuka hakuna wa kuja. Jirani wa nyuma akatoka mbio amejifunga shuka, ananiuliza, "Kuna nini, nani amefariki?" Nikamwambia hakuna, najaribu mkono. Halafu akasema kwa kuwa ameshaamka, hana la kufanya, akaja akaketi kwenye yale mawe mawili yaliyobaki mlangoni. Tumekaa hapo mpaka jua likatoka. Miaka ishirini tumepakana ukuta, leo ndiyo nimejua kwamba anaogopa paka.

Sasa zamu yako. Nianzie pale unapofungua mlango wa chumba chako jioni. Kuna nini mkono wa kulia?

Shangazi yako