Mkono wa Uji Maabarani

Munyaka, Eldoret,
14 Juni 2025.

Mpendwa Shangazi Seline,

Pokea salamu za sisi sote huku. Baridi ya Kanada imewaachilia? Na lile goti lako, limekubali ngazi? Sisi tu wazima, ila mvua imeshika na Munyaka ni matope mlango hadi mlango.

Sasa keti, nina neno. Nusura nirudishwe nyumbani Ziwa kukamua ng'ombe wa Baba.

Unajua niko maabara ya chuo huku Chepkoilel, nasomea utengenezaji wa dawa. Ninayoishughulikia ni ya fangasi, na ina ukaidi: haipendi maji. Ukiilazimisha iyeyuke, punde tu chembe zake zinashikana, maji yanageuka meupe, dawa inatuama chini. Mgonjwa haponi kwa mashapo, maana mwili hauyanyonyi. Ndiyo maana tunaongeza polima, unga mweupe ambao ukishayeyuka huzizuia zile chembe zisishikane. Lakini si kila polima inapatana na kila dawa, na kazi yangu ni kutafuta inayoifaa hii.

Niliyoichagua ilinitia aibu. Kila nikijaribu, maji meupe. Daktari Githinji, anayenisimamia, akaniambia niachane nayo nitafute mada mpya. Baba aliposikia "mada mpya" akasema masomo yametosha, anakuja na pickup kuchukua vitu vyangu. Nililia, Shangazi, sikufichi.

Asubuhi ya siku aliyosema atakuja, nilikuwa naosha vyombo vya maabara nikaona mabonge kwenye kichujio. Nikapasua moja: nje utelezi, ndani unga mkavu. Polima haikuwa imeyeyuka hata kidogo!

Unakumbuka ulivyonifundisha uji? Unga ukorogwe na maji baridi kwanza, ukiutupa kwenye maji moto utakula mabonge. Basi mkono wangu ulifuata sheria yako bila kuniuliza. Kumbe polima hii ni kinyume: inataka maji moto kwanza ili isambae, halafu ipoe ndiyo iyeyuke. Maelezo yalikuwa kwenye mkebe, lakini mpishi wa uji kama mimi asome mkebe wa nini? Mazoea yana taabu.

Nikaanza upya, safari hii na maji moto.

Baba alifika alasiri na gambuti zake, Daktari Githinji akiwa hapo. Nikampa Baba chupa niliyoitayarisha asubuhi. Akaiinua dirishani, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Nabwire, mbona hii ni maji tu? Dawa iko wapi?"

"Iko humo humo, Baba. Vile huioni, ndiyo vizuri."

Daktari Githinji akacheka. "Mzee Lusweti, jana saa kama hii ilikuwa nyeupe kama maziwa yako. Huyu msichana umwache amalize."

Baba akanirudishia chupa. Alirudi Ziwa na pickup tupu, akaniachia godoro langu na kibuyu cha maziwa ya mursik. Nina furaha, Shangazi, na kazi hii nitaimaliza.

Nisalimie Uncle Johnstone na Joy, na umwambie Joy bado nasubiri picha zake. Mungu awatunze na awape joto huko mliko.

Uji bado naupika kwa sheria yako. Kwa dawa, nina yangu.

Wako akupendaye kila siku,
Nabwire