Mnyama Aliyezikwa Mahali Pako

Lumakanda,
Jumapili, baada ya kanisa

Binti yangu Kageha,

Sisi hapa hatujambo. Mahindi yamefika magotini, na yule kuku mwekundu amehamia jikoni kutaga, sijui nani alimpa ruhusa. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nililia tu, ukakosa habari.

Tulipoambiwa kwamba ule mwamba wa tabaka mnamochimba mifupa ya wanyama wa kale huko Songea umeporomoka, na kwamba uko chini yake wala mwili haujapatikana, wazee wa ukoo walisema tuzike shina la mgomba mahali pako. Kaburi likachimbwa. Shina lilikuwa limeshakatwa ulipopiga simu kutoka hospitali, ukiuliza kama tumemaliza palizi.

Nilikaa chini palepale kwenye matope.

Lakini unajua kwetu kaburi likishachimbwa haliachwi tupu. Mzee mmoja akaleta lile shina. Baba yako akakataa, akisema lilikatwa kwa jina lako. Akaingia nyumbani, akatoka na kile kichwa cha plasta ulichotuletea Krismasi, mfano wa yule mnyama wenu wa kabla ya dinosaria, mwenye meno mawili kama ya ndovu. Akakishusha kaburini mwenyewe, akakifukia.

"Huyu amezoea," akasema, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Shina tumempa ng'ombe. Mguu ukipona, njoo nyumbani, nitakuchinjia huyo kuku. Ila mnyama wako, tafadhali, usimchimbue.

Mama yako,
Jescah