Kwako Bi Biasha Tawakali, Uliyefunga Watoto Garini

Mwaka umetimia, Mama, tangu homa ikuchukue, tukakulaza mahameni, kwenye kijiji chetu cha zamani, karibu na wazazi wako kama ulivyotaka. Huku kijiji cha ujamaa tulikohamishiwa, wapo wanaosema ulikuwa mkaidi. Ulikuwa mkaidi kweli, nasi tunajivunia.

Hakuna aliyepita uani kwako akaondoka na njaa. Shamba la kijiji ulililima bila kuhimizwa, ukiwatania wavivu mpaka wakaona haya. Lakini lori la kijiji likiwashwa kwenda Lindi, utani uliisha. Watoto uliwaketisha chini, nyuma ya chumba cha dereva, ukawafunga vitambaa kiunoni na mapajani, kila mmoja kwenye chuma cha bodi.

Na vitambaa vyenyewe! Ulichana kanga za ubeleko ulizopewa binti yako Kudra alipoolewa, nguo ya heshima ya mama aliyembeba bibi arusi. Mkweo Abdala alinuna, ndugu zake wakasema umewatukana. Ukawajibu kuwa nguo ya kubebea mtoto haikai sandukuni wakati mtoto anarushwarushwa garini.

Shangazi Kidawa alisema ni uchuro, afungwaye vitambaa ni maiti. Samia, mke wa mwanao Mfaume, alikasirika zaidi: mtoto ana mama, basi apakatwe na mama yake. Ulimtazama, ukamwambia polepole:

"Mwanangu, gari likiruka, mikono yako itakushika wewe kwanza. Si ubaya, ni mwili."

Masika yale tairi likapasuka kwenye mteremko wa kuingia Mchinga. Sisi wakubwa tuliangukiana, wengine wakatupwa nje. Samia alijikuta ameukumbatia ubao wa bodi kwa mikono yote miwili. Mwanawe alikuwa analia pale pale ulipomfunga, mzima. Hukumsuta. Ulimfungua mtoto ukampa mama yake, ukaenda kuwatazama walioumia.

Sasa dereva Dadi anasema aliyekuwa akimchelewesha ameondoka, na lori lake si zizi la kufungia mbuzi. Amekosea. Ijumaa tunakuja kaburini kwako kukusomea hitima, na Samia ndiye aliyemjibu, kasimama mbele ya lori:

"Ukichoka kungoja, nenda. Wetu hawapandi bila kufungwa."

Akituacha, tutakuja kwa miguu, watoto migongoni. Njia ni ndefu na jua tunalijua. Tutafika.

Unakumbukwa na mumeo, Mzee Nassibu Ismaili. Wanao, Mfaume na Kudra. Wakwe zako, Samia na Abdala. Wifi yako Kidawa, ambaye siku hizi hukaza mafundo kuliko sisi sote. Na wajukuu uliowafunga, wote wazima.

Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema. Hatutakusahau, Mama, wala hatutalegeza.