Matairi Mapana Yananipitisha Langoni kwa Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usinicheke mpaka ufike mwisho. Mimi ni mchuuzi wa kabeji hapa Njoro, nina pikapu kuukuu na nina mchumba, Chepchirchir, binti ya Mzee Kimaiyo wa Elburgon, na harusi yetu ilikuwa iwe baada ya mavuno, nasema ilikuwa kwa sababu sasa sijui. Matairi yangu yalipokwisha nilikwenda Bondeni kutafuta mengine, na wewe unayajua matope ya Elburgon mvua ikishika, basi nikakumbuka jinsi mama alivyotununulia viatu tukiwa watoto, kila mara namba kubwa kuliko mguu, akisema mguu utakua, nami nikaona kiatu kikubwa hakijawahi kuwa hasara, nikachukua matairi mapana. Ya zamani yaliandikwa 6.00-16 na haya 7.50-16, na muuzaji akaniambia, "Kumi na sita ni kumi na sita, bwana, chukua," na kweli yakaingia kwenye rimu bila taabu, gari likainuka, nikawatangazia sokoni kwamba sasa hakuna mlima utakaonishinda.

Barabara ikinyooka sina shida, lakini nikizungusha usukani sana matairi yanasugua madigadi na gari linagoma, na kona ya kuingia kwa Mzee Kimaiyo ni kali. Ningesimama nje niingie kwa miguu, lakini mzee wa watu amekata ua wake kupanua lango kwa ajili ya gari langu, naona haya, kwa hiyo nikifika pale napunga mkono kama mwenye haraka, napita, nakwenda kugeukia uwanja wa stesheni, halafu nikirudi napunga tena. Juzi mzee amemwambia binti yake, "Huyo kijana wako siku hizi anatupungia kama D.C. anayekagua wilaya yake. Kama nyumba yangu haimtoshi, mwambie atafute nyingine." Chepchirchir amelia, ananiambia nirudishe hayo matairi, lakini rafiki yangu Ogola, anayefanya kazi reli, anasema nikate madigadi kwa msumeno mambo yaishe, na mimi nikirudisha matairi soko zima litanicheka. Nifanye nini?

Kiptanui, Njoro


Kiptanui, nimefika mwisho, sasa nina ruhusa ya kucheka. Nimecheka, nikakuhurumia, nikacheka tena. Mtoto hununuliwa kiatu kikubwa kwa sababu anakula ugali anakua. Hiyo pikapu yako umeilisha nini, mbali na kabeji?

Wakati wa vita niliendesha malori ya jeshi, kwa hiyo nisikilize. Ile kumi na sita ni kipimo cha rimu, inchi kutoka ukingo mpaka ukingo. Hapo muuzaji hakukudanganya, ila alikusomea nusu tu nawe ukaridhika. Namba ya kwanza ni upana wa tairi lenyewe. Gari lako lilizoea inchi sita, wewe ukalivisha saba na nusu, na tairi likipanuka hivyo huwa linapanda juu pia. Madigadi hayakujengewa mgeni wa kiasi hicho. Namba zote mbili zikubaliane na gari, na tyubu ya ndani iwe ya kipimo kile kile.

Kama ni uzito wa kabeji unaokutisha, usitafute upana, tafuta nguvu. Tazama ubavuni palipoandikwa PLY, yaani tabaka za nyuzi ndani ya mpira. Tairi la 6 PLY litabeba kuliko la 4 PLY, hata kama upana ni mmoja. Na kwa matope ya Elburgon chagua lenye meno marefu, ufunge minyororo mvua ikizidi.

Ogola mwache arudi kwenye reli, huko hakuna dereva anayeshika usukani. Ukikata madigadi, tope lote la barabarani litamrukia bibi harusi, na hapo hata mimi sitakujibu barua.

Sasa lililo kubwa. Tairi linabadilishwa, lakini mzee aliyekata ua wake kwa ajili yako halafu ukampita ukipunga mkono umemwumiza, hata kama hukukusudia. Rudisha hayo mapana Bondeni, uchukue 6.00-16. Soko litakucheka siku moja, halafu litarudi kwenye bei ya kabeji.

Lakini usingoje matairi ndipo uende Elburgon. Nenda kesho, kwa miguu, upige hodi kwenye lango lile lile. Mwambie, "Mzee, sikukupita kwa maringo. Nilinunua matairi makubwa kama viatu vya mtoto, gari likakataa kuingia kwako, nikaona haya kusema." Usipunguze neno. Atacheka mpaka majirani wasikie, nawe vumilia, kaa chini, unywe maziwa ya mursik utakayopewa. Mzee akishacheka nawe nyumbani kwake, huyo ni mkwe wako.

Na siku ya harusi, mwache Chepchirchir asome namba za matairi mwenyewe kabla hajapanda.