Umbo Lisilocheza

Buhongwa, Mwanza
Jumapili jioni

Kaka yangu Odero,

Shikamoo. Habari za huko Sikonge? Wifi Getruda na watoto hawajambo, na hiyo tumbaku imewaachia walau nafasi ya kulala? Mimi mwili hauna neno, namshukuru Mungu. Nakwenda zamu kiwandani Nyakato kama kawaida na miguu inavimba kama kawaida. Mama anaendelea vizuri, kwa mtu aliyezika mtoto mwaka huu. Baba naye ni mzima, ila habari zake ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Ningekupigia simu, lakini kambini kwenu mtandao ni wa kubahatisha, na jambo hili sitaki likatike katikati. Barua hii nitampa dereva wa lori anayekuja huko.

Unakumbuka mazishini, Dakta Chenge, mwalimu wa Victor chuoni, alivyosimama akasema mdogo wetu ameacha ugunduzi katika jiometria utakaoitwa kwa jina lake. Wewe uliondoka baada ya matanga, hukuona baba alivyolishika neno lile. Hakuna mgeni aliyefika Shirati asielezwe, hata waliokuja kuuliza bei ya ndama. Ndiyo maana hakutaka kaburi lisakafiwe upesi. Alitaka chini ya jina la Victor uchorwe mchoro wa umbo lake, na maneno yake yaandikwe kama alivyoyaandika. Fundi Mashimba alishapatikana, saruji ikanunuliwa. Yakabaki hayo maneno.

Basi Dakta Chenge akanipigia kwamba chuo kina mkutano wa watafiti wa jiometria, Jumamosi na Jumapili, na kwamba wataisoma kazi ya Victor mbele ya ndugu zake. Baba magoti hayamruhusu safari, akanituma mimi. Aliniagiza niyalete maneno yale kama yalivyo, nisitie ya kwangu. Alisema hivyo mara mbili, kaka, kana kwamba mimi ni mtu wa kutia yangu.

Nilikwenda na gauni langu la kanisani. Kumbe wenzangu wamekuja na kandambili! Watu wenye shahada kubwa kubwa, wengine wametoka Bukoba usiku kucha, wamekaa wanakula maandazi na kubishana kuhusu mistari. Na wanabishana kweli. Mtu anasimama ubaoni, anaandika, mwenzake anamwambia hapo umekosea, naye anatazama, anakubali, anafuta. Hakuna anayenuna. Mimi niliyezoea vikao vya ukoo nilikaa nikisubiri kiti kirushwe, hakikurushwa.

Nitakueleza kazi ya Victor jinsi nilivyoielewa, maana mara hii nimeielewa. Ukate boksi gumu vipande vya pembetatu, uviunge kingo kwa kingo kwa gundi ya karatasi mpaka upate kitu kilichozibwa pande zote. Vipande vyenyewe havipindi, ila kwenye maungio vinaweza kukunjika kama mlango kwenye bawaba. Swali lao ni kama kitu hicho, ukikibonyeza, kitacheza au kitakaa imara. Karibu vyote hukaa imara. Vichache vya ajabu hucheza. Victor aliandika kwamba kuna jamii moja nzima ya maumbo ambayo hayawezi kucheza kamwe, akatoa na uthibitisho. Sehemu kubwa aliiandika wodini, ugonjwa wa selimundu ukimtafuna mifupa, mimi nikimshikia daftari. Maneno ambayo baba aliyataka kaburini ni haya: Umbo hili halichezi.

Dakta Chenge alieleza vizuri na kwa heshima. Alipomaliza, binti mmoja anaitwa Kija, mwanafunzi wa uzamili, akanyoosha mkono. Akauliza hatua moja katikati ya uthibitisho inatoka wapi. Dakta akaanza kujibu, akaacha katikati, akarudi ubaoni. Wakainuka wengine wakamsaidia. Walijaribu mpaka chai ikapoa. Mzee mmoja akanong'ona kwamba jambo hilo liwekwe kando, dada wa marehemu yupo. Kija alipogeuka na kuniona, yule binti alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliniomba radhi, akasema hakujua. Mimi nikasimama na gauni langu nikawaambia waendelee, kwa sababu Victor mwenyewe angeendelea. Hapo nilisema kweli.

Jumapili asubuhi Kija alikuja na kitu alichokiunga kwa boksi la maji ya kunywa. Kilikuwa kibaya kukitazama, kina mapembe na mashimo, lakini wote walikihesabu pembe na kingo wakakubali kwamba ni cha jamii ile ile ya Victor. Wakakipitisha mkono kwa mkono, na kilipofika kwangu nikakibonyeza taratibu. Kikacheza. Hakuna kipande kilichopinda wala gundi iliyoachia, kaka. Kilifunguka na kujifunga mikononi mwangu kama kitu kinachohema.

Dakta Chenge alinitoa nje. Alisema kukosea si aibu katika kazi yao, nusu ya kwanza ya kazi imesimama, na Victor angekuwa hai angerekebisha. Nikamwambia lakini si hai. Akanishika bega. Kisha akanishauri nisimwambie mzee. Nimwache aandike anachotaka, nani atakwenda kukagua jiometria makaburini Shirati? Naye yale maneno ya mazishini yanamkaa rohoni, nilimwona. Nilimshukuru kwa wema wake.

Ijumaa iliyofuata nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi kwenda nyumbani. Nilimkuta baba uani, Mashimba amekuja kupima kaburi, mama anawapa uji. Ningeweza kungoja fundi aondoke. Sikungoja. Nilimwambia baba pale pale kwamba yale maneno hayawezi kuandikwa, kwa sababu umbo linacheza, nimelishika mwenyewe.

Baba aliniuliza nani kasema. Nikamweleza habari za Kija na boksi. Akaniuliza kama na Dakta kakubali. Nikasema ndiyo. Akamwambia Mashimba aandike jina na miaka tu, basi. Kisha akanigeukia, mbele ya fundi na mama, akasema nimeingoja siku hiyo tangu utoto, na kwamba huo ni wivu. Akasema siku ya kujengea kaburi asinione pale. Mama aliweka kikombe chini akaingia ndani. Watu husema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Siku ile nilirudi Mwanza bila mpenzi hata mmoja.

Najua utakachofanya ukifika hapa kwenye barua. Utasema mzee kachanganyikiwa na msiba, Adoyo wa watu hana kosa, utakwenda kunitetea. Ndiyo maana nakwambia hili ambalo sijamwambia mtu.

Kile kitu kilipocheza mikononi mwangu, nilifurahi.

Haikuchukua muda, lakini ilikuwa furaha, siwezi kuipa jina lingine. Nilimpenda Victor. Miguu yake nimeikanda maumivu yalipomshika, hata baada ya nyote kulala. Lakini nilitolewa shule kidato cha tatu nikae naye hospitalini, ikasemwa nitarudi akipata nafuu, na hakuna aliyenirudisha, wala wewe kaka hukuuliza. Kila kilichokuwa changu kiliitwa cha Victor. Mara nikaona hata yeye ameteleza, moyo ukaruka. Mdogo wangu yumo kaburini, mimi nafurahi na boksi mkononi.

Kwa hiyo ukweli nilioupeleka nyumbani niliupeleka na hamu yangu ndani yake. Ndiyo sababu sikumngoja Mashimba aondoke. Nilitaka asikie na mtu mwingine.

Wanajengea Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Njoo, tafadhali. Usimwambie baba kwamba sina kosa. Mwambie umbo linacheza, kwa sababu linacheza. Na mwambie alinisoma sawasawa, mimi mwenyewe nimekiri. Akishayasikia yote mawili, umuulize kama naweza kuja kukaa karibu na mama. Akikataa nitakaa Buhongwa, sitamlaumu.

Wasalimie sana wifi na watoto, na umwambie yule mdogo shangazi yake anamkumbuka. Jihadhari na moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku, kifua chako nakijua. Nasubiri jibu lako, hata likiwa kali.

Ni mimi dada yako,
Adoyo