Sote Tunaitwa Eli

Chome, Same
14 Juni

Kaka Eliamini,

Shikamoo. Wifi Koleta na watoto hawajambo huko Mwanza? Sisi tu wazima, ila baridi ya huku unaijua. Nimeshika karatasi kwa sababu kwenye simu ningekata kabla ya kufika ninakokwenda.

Yule Sindre, Mnorwei aliyefundisha hapa akilala chumbani kwako, amekuwa DJ mkubwa. Tulimcheka alivyozunguka akinasa sauti ya mvua ya kwenye bati na ya majembe ya shambani, kumbe mwenzetu yuko kazini! Leo anajaza viwanja Oslo na Berlin. Kilichompandisha ni wimbo mmoja, ule wa "Eli, Eli, Eli" unaoupiga saluni kwako. Uliponiambia wateja wanainuka kucheza hata hawajamaliza kunyolewa, nilicheka nawe. Mungu anisamehe.

Sauti ile ni ya mama. Sindre aliikata na kuikaza mpaka ikawa kama ya msichana, ndiyo maana hukuitambua.

Ulipoondoka kwa hasira ya ule ugomvi wa shamba, nilibaki na mama peke yangu. Wiki zake za mwisho alikuwa akitoka uani kila jioni, anatazama njia ya kushukia Same, anaita Eli. Mimi naitika, abee mama. Ananiambia si wewe, ni Eli mwingine. Kaka, iliniuma! Nani alimwogesha? Nani alimkorogea uji? Sindre aliinasa sauti hiyo siku chache kabla ya kurudi kwao. Aliponiuliza mama anasema nini, nilimjibu anashangilia mavuno.

Baada ya mazishi uliniuliza kama alikutaja. Nikasema alikwenda ghafla, hakutaja mtu. Niliongopa. Siku tatu mfululizo alinituma nikupigie. Salio lilikuwepo, mtandao ulikuwepo. Sikupiga.

Sasa Sindre ameandika kwamba Agosti anakuja kumshukuru yule bibi, akidhani mama bado yu hai. Nikampigia, nikamweleza yote. Alilia, akasema hataupiga tena wimbo ule, hata kama ndio uliompa jina. Amenirudishia sauti yenyewe, kama ilivyokuwa kabla hajaikata, nami nimeituma kwenye simu yako.

Nisalimie wifi. Usiponijibu sitakulaumu. Ila isikilize ukiwa umekaa, haina ngoma. Mwishoni mama analitaja jina lako zima, halafu anakuambia uje, chakula kinapoa.

Mdogo wako,
Elirehema